Natron, Chalbi au Danakil: kuchagua safari ya jangwani ukiwa Dar

Mwambie mtu wa Dar kwamba mahali fulani kuna joto la nyuzi 40 atakucheka. Februari yetu anaijua: umeme umekatika, feni imesimama, na saa tano usiku bado shuka limelowa. Utamtisha kwa joto gani tena? Kwa kujiamini huko, wengi huchagua safari ya jangwani kwa kuangalia picha na bei tu, na kampuni ya utalii inapowaeleza habari za joto wanaitikia "tumezoea" kabla sentensi haijaisha.

Tumezoea, lakini joto la aina nyingine. Letu ni nyuzi 32 au 33 zenye unyevu wa bahari, na jasho linagoma kukauka. Ubaya wake ni kero, uzuri wake ni kwamba unaliona. Shati likilowa unajua umepoteza maji, unaita muuza maji. Jangwani jasho hukauka likiwa bado linatoka. Ngozi kavu, shati kavu, unajiona mzima, kumbe lita nzima imeshakutoka. Halafu hewa ikizidi nyuzi 35 au zaidi kidogo, ambalo ndilo joto la ngozi yenyewe, upepo unaacha kuwa rafiki: hewa inakuongezea joto badala ya kukupunguzia, na kinachobaki kukupoza ni jasho peke yake. Likikosa maji ya kulitengeneza, huna kinga nyingine.

Nimelinganisha hapa safari tatu za kutembea na kulala kwenye hema ambazo mkazi wa Dar anaweza kuzifikia bila kuvuka bahari: Ziwa Natron pamoja na kupanda Ol Doinyo Lengai hapa kwetu, Jangwa la Chalbi na upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, na bonde la Danakil katika jimbo la Afar, Ethiopia. Zote huendeshwa na waongozaji, na hakuna hata moja kati yake ningemshauri mtu aende peke yake na gari la kukodi.

Vipimo nilivyotumia

Namba ya joto la mchana nimeiweka nyuma makusudi. Ndiyo inayotangazwa, na ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote, kwa sababu mwongozaji yeyote mwenye akili hatakutembeza saa saba mchana. Kipimo changu cha kwanza ni usiku. Mwili uliochemka kutwa unahitaji saa kadhaa za baridi ili urudi sawa. Ukikosa usiku wa namna hiyo, siku ya pili unaianza na deni, na ya tatu deni juu ya deni.

Baada ya hapo naangalia kutembea kwenyewe kunataka nini: mwinuko, aina ya ardhi, na kama kuna njia ya kuishia katikati ukichoka. Kisha maji, kivuli na umbali wa hospitali, nikiviweka pamoja kwa sababu kimoja kikikosekana vingine viwili ndivyo vinavyokuokoa. Kisha usalama wa eneo. Mwisho njia ya kufika, msimu na pesa.

Mchana na usiku

Natron iko chini kabisa ya Bonde la Ufa, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana kuvuka nyuzi 40 si habari ya kushangaza. Ardhi imejaa majivu meusi ya volkano yanayoshika joto na kulirudisha usoni. Usiku kambini Engare Sero, kijiji cha jirani na ziwa, bado kuna vuguvugu, ila upepo unaoteremka kutoka ukingo wa bonde husaidia. Jambo la pekee hapa ni kwamba baridi unaweza kuipandia. Kilele cha Lengai kiko mita 2,962. Kati ya ziwa na kilele joto linaweza kutofautiana kwa nyuzi 15 hivi, na alfajiri kule juu kuna upepo wa kumfanya mtu wa Kinondoni atafute koti. Hili huwapata wengi: wamefungasha kwa ajili ya joto tu, wanafika juu wameloa jasho na meno yanagongana.

Chalbi ni uwanda wa chumvi na udongo uliopasuka, zamani ziwa, leo mweupe hadi macho yanauma. Mchana kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 35 na 40, na jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Kinachoitofautisha ni upepo. Ukanda ule una mojawapo ya mikondo ya upepo mikali kuliko yote Afrika Mashariki. Si bure kwamba karibu na Loiyangalani, mji mdogo kando ya Ziwa Turkana, wamesimamisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Upepo huo hushika kasi usiku na alfajiri. Kwa mwili ni neema, kwa hema ni vita. Hema la bei rahisi lenye vigingi vya waya halimalizi usiku, na mchanga utaukuta kwenye chai, kwenye masikio na kwenye zipu. Wenyeji wa safari hizi hulala nje ya hema, kwenye godoro jembamba nyuma ya gari linalokinga upepo, nami naona wako sahihi.

Danakil ni habari nyingine. Dallol, karibu na mpaka wa Eritrea, iko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Vipimo vilivyochukuliwa hapo kati ya 1960 na 1966 vilitoa wastani wa mwaka mzima, mchana na usiku, wa zaidi ya nyuzi 34, na hiyo ndiyo rekodi ya dunia kwa mahali palipowahi kukaliwa na watu. Soma tena: wastani, usiku ukiwamo. Miezi ya katikati ya mwaka mchana hupita nyuzi 45. Hata Januari, mwezi wa nafuu, usiku hubaki kwenye nyuzi ishirini na kitu, mara nyingi bila upepo wa maana. Kwa kipimo changu cha kwanza Danakil ndiyo ngumu kuliko zote. Hapa, hata hivyo, mtu wa Dar ana faida ambayo mtalii wa Ulaya hana: usiku wa nyuzi 26 kwake ni usiku wa kawaida, analala bila kuhangaika.

Faida hiyo ina sharti. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili za kuwa kwenye joto kila siku, na kufanya kazi ndani yake, ili ulizoee vizuri. Fundi ujenzi wa Mbagala amezoea. Anayetoka kwenye kiyoyozi cha ofisi Posta akaingia kwenye kiyoyozi cha gari hadi Mbezi hajazoea chochote, hata kama kazaliwa Temeke. Kama wewe ni huyu wa pili, tembea Koko Beach saa kumi jioni kwa wiki mbili kabla ya safari, mwendo wa kutoa jasho. Bure, na inasaidia kuliko vifaa vingi vya bei.

Kutembea kwenyewe

Kwa miguu, Lengai ndiyo ngumu. Watu huanza kupanda kati ya saa tano na saa saba usiku ili wafike kileleni jua linapochomoza, na muda wa kupanda huwa saa tano hadi saba kwa mtu wa kawaida. Mteremko ni mkali, majivu yanateleza, hatua mbili mbele moja nyuma, na sehemu ya juu mikono nayo inafanya kazi. Glovu na fimbo mbili si mapambo. Kileleni kuna shimo lenye kina lililoachwa na milipuko ya 2007 na 2008, halina uzio, na ardhi ya ukingoni si ya kuaminika. Mlima huu ndio pekee duniani wenye volkano hai inayotoa lava ya kabonati ya natiri, nyeusi, inayotiririka kama oili na yenye joto dogo kuliko lava nyingine, kisha ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Ndiyo maana kutoka mbali kilele kinaonekana kama kina theluji.

Hatari ya joto kwenye Lengai haiko kwenye kupanda. Iko kwenye kushuka. Ukichelewa kuanza, au ukikaa sana juu kupiga picha, unajikuta katikati ya mlima saa nne asubuhi, magoti yamechoka, chupa tupu, na hakuna hata kijiti cha kivuli. Mwongozaji akisema tuanze saa tano usiku, usibishane naye kwa kutaka kulala.

Asiyetaka mlima, Natron bado inampa kazi ya kutosha: matembezi ya asubuhi kwenye ukingo wa ziwa kuwaona heroe (flamingo), ambao takriban robo tatu ya wale wadogo wote duniani huzaliwa hapa, nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 zilizogandishwa kwenye majivu karibu na Engare Sero, na korongo la kwenda kwenye maporomoko. Hayo maporomoko ningeyataja kwa herufi kubwa kama ningeweza. Unatembea chini ya saa moja ndani ya kijito, unafika, unasimama chini ya maji. Kati ya safari tatu hizi, hapa tu ndipo unapopewa bafu la asili la kupoza mwili mzima. Maji ya ziwa lenyewe usiyaguse ovyo; yana magadi makali, na ngozi yenye kidonda itakukumbusha.

Chalbi haina mlima wa lazima. Kutembea ni tambarare, kilomita kadhaa alfajiri na kilomita chache jioni, mara nyingine na ngamia wa Wagabra, wafugaji wa huko, wakibeba mizigo, gari likitangulia kambini. Miguu haichoki sana. Kinachochoka ni akili. Uwanda hauishi, unaona mti au jengo unadhani ni nusu saa, unatembea saa mbili. Mazigazi ni ya kweli, na mwenye haraka huteseka. Kwa upande wa ziwa ardhi inabadilika kuwa mawe meusi ya volkano, makali, ya kula soli ya raba. Usilete viatu vipya. Lete vilivyokwisha kukaa mguuni.

Danakil miguu inatumika kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ni gari. Dallol unatembea kwa saa moja au mbili asubuhi, juu ya gamba la chumvi la njano, kijani na kutu, kati ya chemchemi za tindikali, na unakanyaga pale tu alipokanyaga mwongozaji, maana gamba linaweza kuvunjika. Erta Ale, volkano ya mita 613, kwa miaka mingi watu waliipanda usiku kwa saa tatu hivi na kulala ukingoni wakiangalia ziwa la lava. Ziwa hilo hupotea na kurudi. Uliza kampuni linaonekana sasa hivi au la, na gari linafika wapi, kabla hujalipia picha uliyoiona mtandaoni. Mteremko si mkali. Lakini kila hatua ya Danakil inagharimu mara mbili, kwa sababu hewa haikupi nafuu, na kwenye volkano moshi wa salfa unabana kifua. Mwenye pumu hapo asijaribu.

Maji, kivuli na hospitali

Ukisikia "maji yapo" uliza lita ngapi kwa kila mtu kwa siku, na yamebebwa kwenye gari lipi. Kwa kutembea kwenye joto kali mtu anahitaji glasi moja kila dakika 15 hadi 20, yaani robo tatu ya lita au lita moja kwa saa. Zaidi ya lita moja na nusu kwa saa ni hatari upande wa pili: maji matupu mengi huzimua chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana na za kukosa maji hadi watu wanamwongezea mgonjwa maji. Beba pakiti za ORS za duka la dawa. Zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, inatosha kabisa. Mikate, karanga na mchuzi wenye chumvi navyo vinafanya kazi yake, kwa hiyo usiache kula eti joto limekata hamu.

Engare Sero kuna kijiji, maduka, soda ya baridi mara nyingi, miti ya migunga kwenye kambi. Kuna huduma ndogo ya afya; kwa jambo kubwa utapelekwa Karatu au Arusha, saa kadhaa za barabara mbovu. Chalbi unategemea chemchemi za Kalacha, North Horr na Loiyangalani zenye mikoche, na kati yake hakuna kitu. Maji ya Ziwa Turkana si ya kunywa. Yana magadi na madini ya floraidi mengi. Hospitali ya maana iko Marsabit. Danakil kila tone limekuja na gari, kivuli ni turubai au banda la miti la wenyeji, na hospitali utakayoikimbilia ni ya Dubti karibu na Semera, mji mkuu wa Afar, au Mekele kwa upande wa kaskazini, zote mbali na Dallol.

Kwa vyovyote, mwulize mwongozaji atafanya nini mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka. Jibu sahihi ni kwamba ataanza kumpoza papo hapo, kwa kumlaza kivulini, kumwagia maji na kumpepea, huku wengine wakiandaa gari. Mwenye kizunguzungu na jasho jingi bado anaweza kupumzishwa, kunyweshwa na kuendelea kesho. Aliyechanganyikiwa au kuanguka, mwili ukiwa unawaka, hiyo ni dharura ya dakika, na kumsafirisha akiwa bado wa moto ni kumpoteza njiani. Mwongozaji akijibu "tutampa panadol", tafuta kampuni nyingine.

Wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, dawa za mzio zinazoleta usingizi, au wenye kisukari na matatizo ya figo, wamwone daktari kabla, na wamtajie neno jangwa, si "safari" tu.

Usalama wa eneo

Natron ni eneo tulivu. Kero yake ni tozo za njiani, ambazo nitazirudia kwenye pesa.

Marsabit na Samburu kuna historia ya wizi wa mifugo wenye silaha. Mei 2022 serikali ya Kenya iliweka marufuku ya kutoka usiku katika kaunti ya Marsabit kwa sababu ya mauaji kati ya jamii. Watalii kwa kawaida si walengwa, lakini barabara inaweza kufungwa na ratiba ikavunjika. Kampuni nzuri huwa na mtu wa Kigabra au Kiturkana wa eneo husika ndani ya gari, na inajua njia mbili, ya Marsabit na ya Maralal, ili ibadili.

Danakil lazima isemwe bila kupakwa rangi. Januari 2012 watalii watano waliuawa pale Erta Ale. Vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022 vilivuruga safari za eneo hilo. Kila msafara huenda na walinzi wenye silaha, na hilo si onyesho. Novemba 2025 volkano ya Hayli Gubbi, jirani ya Erta Ale, ililipuka na majivu yake yakavuka Bahari Nyekundu. Pamoja na hayo, watu wanakwenda na kurudi kila msimu. Mimi nisingelipa malipo yote kabla ya kuuliza hali ya eneo wiki ya safari yenyewe, na ningetaka maandishi yanayosema pesa inarudi ikiwa serikali itafunga njia.

Njia, msimu na pesa

Natron: basi la alfajiri kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, linakufikisha Arusha jioni, au ndege. Kutoka Arusha lami hadi Mto wa Mbu, kisha vumbi kupita Engaruka. Siku nne au tano kutoka Dar na kurudi inatosha, ingawa mwenye kupanda Lengai siku moja baada ya basi anajitafutia. Juni hadi Septemba ndiyo nafuu. Masika ya Machi hadi Mei makorongo yanakata barabara. Desemba inawezekana, ila ukumbuke ni msimu wa watu kwenda Moshi, tiketi ni vita.

Bei ya Natron huonekana ndogo hadi ufike kwenye mageti. Kuna tozo za vijiji na halmashauri zaidi ya moja njiani, na mwongozaji wa kienyeji ni lazima mlimani. Kifurushi kinachosema "bei nafuu" mara nyingi kimeziacha nje. Uliza: tozo zote zimo? Mwongozaji wa Lengai yumo? Bei ya raia imetumika? Mtanzania hapaswi kutozwa bei ya mgeni.

Chalbi: Tanzania na Kenya hakuna viza, pasipoti au hati ya dharura inatosha, na kadi ya homa ya manjano iwe kwenye begi. Basi hadi Nairobi kupitia Namanga au ndege, kisha lami nzuri kupitia Isiolo hadi Marsabit, baada ya hapo ni njia za mchanga na mawe. Tenga wiki nzima na siku ya akiba. Mvua za Aprili na Mei, na za Oktoba na Novemba, hugeuza uwanda kuwa tope linalomeza gari zima. Pesa kubwa hapa ni gari na mafuta, hivyo watu sita wakigawana bei inashuka kweli, wawili wataumia. Na Kiswahili kinakufikisha hadi North Horr. Utapiga soga na dereva, mpishi na mama muuza chai bila mkalimani, jambo ambalo kwa safari ndefu lina thamani kuliko godoro.

Danakil: kuna ndege ya moja kwa moja Dar hadi Addis Ababa, kisha ndege ya ndani au gari hadi Semera. Hakikisha masharti ya viza ya Ethiopia mapema kwa tovuti rasmi. Msimu ni Novemba hadi Februari; nje ya hapo, hata kama kampuni inakubali kukupeleka, usikubali wewe. Ziara yenyewe ni siku tatu au nne. Bei ndiyo ya juu kuliko zote, kwa sababu ya ndege, vibali, walinzi na sharti la magari yasiyopungua mawili, na haipungui sana kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki.

Kwa Waislamu kuna hesabu ya ziada. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, ndani kabisa ya msimu wa Danakil. Waafar ni Waislamu. Chakula hakina shida, ila mpishi na dereva watakuwa wamefunga kwenye joto lile. Sogeza safari iwe Desemba.

Na kwa wanawake, kwa sababu matangazo hayasemi: Chalbi na Dallol hakuna kichaka. Upeo wa macho ni mweupe pande zote. Dera pana au kanga mbili, na makubaliano na dereva kuhusu gari lisimame upande gani, vinaokoa siku. Kuna wanaoacha kunywa maji ili wasihitaji kujisitiri, na hao ndio wanaoanguka.

Nani aende wapi

Kama hujawahi kulala kwenye hema, anza na Natron bila Lengai. Tembea asubuhi, maporomoko mchana, ziwa jioni. Ukishindwa, kijiji kiko jirani na gari linaondoka kesho yake.

Kama una miguu ya mlima, umeshapanda Meru au hata umezoea milima ya Uluguru, na joto ndilo linalokutia shaka, Lengai inakufaa kuliko nyingine, kwa kuwa kazi ngumu yote hufanyika usiku. Nunua koti la upepo kwenye mitumba ya Karume. Si lazima liwe jipya.

Kama magoti yamechoka lakini unapenda safari ndefu, watu na ngamia, na una kundi la marafiki sita wasiogombana kwa vitu vidogo, Chalbi. Mwenye pumu inayochokozwa na vumbi aifikirie mara mbili.

Kama umeshafanya mojawapo ya hizo, una pesa ya kupoteza ikiwa safari itafutwa, na kinachokuvuta ni ardhi usiyoweza kuiona kwingine, Danakil haina mbadala. Nenda Desemba au Januari, na usiende nayo kama fungate. Watoto, wajawazito na wazee wenye moyo dhaifu wabaki.

Familia yenye watoto wa shule ina likizo ya Juni, na Juni Natron inafaa, ilimradi mtoto awe na kofia, chupa yake mwenyewe na ruhusa ya kusema amechoka.

Anayetaka matuta ya mchanga kama ya kwenye kalenda, kwa kweli hakuna hata moja ya hizi itakayomridhisha. Huyo aangalie Oman, jangwa la Sharqiya, kati ya Novemba na Machi. Ni ndege, kambi ina vitanda, na kutembea ni kidogo. Katika miji ya karibu si ajabu mzee wa duka akakuitikia kwa Kiswahili cha Unguja.

Ukiwa bado umekwama kati ya mbili, zipigie simu kampuni zote na uziulize swali moja: saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni tunakuwa wapi, na tumekaa chini ya nini? Atakayejibu haraka, kwa kutaja mti, banda au turubai la ukubwa gani, mpe malipo ya awali. Atakayekutumia picha ya machweo, mshukuru ukate simu.